Ngolo Nilizochimba Peke Yangu

Kwetu Mpepai watu wenye hasira huwekwa kwenye mafungu mawili, na mimi nilikubaliana na mgawanyo huo hadi nilipougua. Kuna mwenye hasira za karibu, anayewaka na kuzima, kesho yake mnacheka naye. Na kuna mwenye kinyongo, anayenyamaza na kukuwekea neno moyoni hadi msimu mwingine wa kahawa. Huyu wa pili ndiye anayeogopwa. Wa kwanza husamehewa, na wakati mwingine husifiwa kwamba ana moyo mweupe. Mimi nilikuwa wa kwanza na nilijivunia. Nilizoea kusema mbele za watu kwamba sina kinyongo, nikishasema yamekwisha. Kweli, kwangu yalikuwa yamekwisha. Mke wangu na binti yetu hakuna aliyewauliza.

Naandika haya kwa sababu pale pabaya nimepapita, na kwa sababu najua kuna mtu, pengine hapahapa kijijini, anayepita huko sasa na kudhani yuko peke yake. Sioni fahari yoyote katika kuyaandika. Mara kadhaa nimeiweka kalamu chini nikaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika. Niite Baba Anitha, kama wanavyoniita majirani. Mke wangu, Mama Anitha, ni Mnyasa wa Mbaha, kule chini ziwani. Anitha ni mtoto wetu wa pekee, na wakati huo alikuwa darasa la tano.

Ugonjwa wenyewe haukuanza na hasira, ulianza na usingizi. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo na kulala tena kukawa hakuna. Taya ziliniuma kwa kuzikaza. Suruali zikaanza kunivuka kiunoni, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Kifua kilikuwa na moto ambao uji haukuuzima wala maombi. Kwenye mashine ya kumenya kahawa ya kikundi chetu, ambayo nilikuwa naisimamia, nilimsukuma mzee mmoja aliyeleta kahawa mbichi akaanguka juu ya magunia. Kikundi kikaniambia nipumzike kidogo. Nikawatukana wote na kuondoka, na nilipofika njiani nililia, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nimejificha kwenye migomba ya watu.

Mke wangu aliniambia naumwa. Mimi nilisikia ananiita kichaa, nikawaka zaidi. Kila nilipowaka niliomba radhi saa hiyohiyo, na kila nilipoomba radhi nilijichukia kidogo zaidi. Hili la pili sikumwambia mtu.

Ukoo wetu bado unafuata sengu. Kwa asiye Mmatengo niseme tu kwamba sengu ni kula pamoja. Familia zote za ukoo zinaleta chakula chao kwenye nyumba ya mkubwa, tunakula chombo kimoja, na palepale tunaongea yanayotusumbua na kuamua. Siku hizi tunafanya Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, Kasiani. Basi Jumapili moja ya mavuno, ukungu umeshuka mpaka mlangoni na baridi inauma, Kasiani akasema kwa upole kwamba kikundi kimemletea malalamiko juu yangu. Hakumaliza. Nilipiga teke chombo cha ugali mbele ya wazee, na mkono ukachukua chungu cha maharage na kukitupa ukutani. Sikukitupa kwa mtu. Nimelisema hilo mara nyingi sana, na halijawahi kunisaidia. Kigae kiliruka kikamchana Anitha juu ya jicho.

Nilimbeba mwenyewe hadi zahanati. Pale kwenye benchi, damu ikiwa imekauka kwenye kola ya sare yake ya kwaya, muuguzi alimwuliza amepatwa na nini. Anitha alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema ameanguka. Sijui kama nitawahi kuona aibu kubwa kuliko ile ya kutazamwa na mwanangu ili ajue aseme nini.

Sengu ikakaa tena wiki iliyofuata kunihukumu. Niliomba radhi nikiwa nimepiga magoti, nikaleta jogoo, nikamega ugali wa kwanza na wote wakamega baada yangu. Kwa desturi yetu hapo jambo limekwisha. Wazee wakasema huyu tunamjua, ni hasira za karibu tu, moyo wake mweupe. Mke wangu alikuwa ameketi na wanawake, hakumega. Akasema maneno machache.

"Moyo wake mnaujua ninyi. Mimi naijua mikono yake."

Kesho yake alimchukua Anitha na begi moja, wakapanda gari la Mbamba Bay kwenda kwao.

Baada ya hapo nikatulia, na hapa naomba usome polepole maana ndipo ukoo mzima ulipokosea, nami nikiwemo. Nilitulia kabisa. Sikumfokea mtu tena. Nilienda misa, nilisalimia wakubwa kwa shikamoo mpaka wale niliokuwa nimegombana nao. Katekista akanitaja kwenye shukrani. Kasiani alinipigapiga bega akasema umerudi, mdogo wangu. Walikuwa wameona nimekula nao, na mtu aliyekula na wenzake kwetu amepona.

Ila hasira haikuwa imeondoka. Ilikuwa imekosa watu, na ikabadilisha mtu. Maneno yaleyale niliyokuwa nawatupia wenzangu, mjinga wewe, mzigo wewe, toka hapa, sasa nilikuwa nayasikia yakisemwa kwangu, kwa sauti yangu mwenyewe, kuanzia naamka mpaka nalala. Baadaye yalizidi. Nikaanza kuona kwamba Anitha angekuwa salama dunia hii nisipokuwemo. Nilitaka kufa. Sitasema nilikusudia vipi, na kama unaumwa nilivyoumwa mimi, naomba usiniulize, maana nakumbuka nilivyokuwa nachunguza habari za watu wengine. Nitasema tu kwamba siku ilikuwa imeshapangwa, na kilichobaki ni kazi za shamba ambazo sikutaka kumwachia mke wangu.

Nikachimba ngolo. Huku milimani tunalima kwa mashimo. Mvua za mwanzo wa mwaka zikielekea mwisho, mwanamume anafyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba juu ya mteremko. Mwanamke ndiye anayechimba udongo wa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, kisha anapanda maharage juu ya tuta, na katikati linabaki shimo la kushika maji. Hiyo ndiyo ngolo. Mwanamume kazi yake inaishia kwenye nyasi. Mimi nilifyeka, nikapanga, halafu nikashika jembe na kuendelea. Wapita njia walinitania kwamba nimeolewa, na mmoja akasema mke wangu akisikia atarudi akikimbia. Nilicheka nao. Niliwaona wameridhika na mimi, na nikaona vizuri, wabaki na picha hiyo.

Mama yangu alikuja shambani mchana mmoja na chupa ya chai. Ni mwembamba, mkali, na hajui kuzunguka maneno. Alisimama juu ya mteremko akatazama zile ngolo muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kimatengo, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Hizi unamchimbia nani?"

"Mama Anitha. Akija akute tayari."

"Amesema anakuja?"

"Bado."

"Na wewe utakuwa wapi, mpaka achimbiwe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote, afya, dawa, sala, mke, ila lile sikuliwazia. Jembe lilinitoka mkononi. Mama aliteremka mpaka nilipokuwa, akaketi kwenye udongo na nguo yake ya kanisani, akanishika kichwa kama nilipokuwa na surua. Nikamwambia yote. Hakulia. Aliokota jembe, akalibeba yeye, na tukaenda moja kwa moja kwa Kasiani.

Asubuhi yake tukapelekana hospitali mjini Mbinga, watatu. Kliniki ya afya ya akili ilikuwa na benchi lake, na kwa bahati mbaya linatazamana na foleni ya akina mama wa watoto wachanga. Nusu ya Mbinga inapita pale. Nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mwanakwaya mwenzangu mmoja alipita na mkewe, akanisalimu, akauliza nimemsindikiza nani. Nikasema nimemsindikiza Mama.

"Mimi mzima," Mama akasema, tena kwa sauti. "Nimemleta yeye."

Yule bwana akasema poleni, akaondoka haraka. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye mkoba wake akanipa, nami nikakila kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Muuguzi wa pale alikuwa dada mmoja wa Tanga aliyehamishiwa huku, mvaa ushungi, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Mama shikamoo, akanikaribisha kiti, na baada ya maswali machache kuhusu usingizi na chakula akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Baba Anitha, umefikiria kujiua?"

Nilimtazama Mama, kama Anitha alivyonitazama mimi zahanati. Mama alikuwa anatazama dirisha. Nikasema ndiyo. Neno lile lilinitoka na jasho, na nilipolisikia limetoka nikajisikia mwepesi na mchafu kwa pamoja. Akauliza mengine, lini, wapi, nini kimewekwa tayari, nami nikajibu. Kisha akauliza habari za hasira, ni za kupanga au za kulipuka. Hata pale, hebu fikiria, nilijinyoosha kidogo kwenye kiti. Nikasema mimi si mtu wa kinyongo, ni za kulipuka tu.

"Hizo ndizo zinazonitia hofu leo," akasema. "Mtu wa kulipuka hajipi nafasi. Mwanzo walikuwepo wengine wa kupatwa. Sasa nyumbani umebaki wewe."

Hilo ndilo darasa pekee nililopewa, na lilinitosha. Alimwagiza Kasiani aondoe nyumbani kwangu vitu kadhaa kabla sijarudi. Akasema nisilale peke yangu kwa sasa, na watu wangu waniulize swali alilouliza yeye, kwa neno lilelile, bila kulizungusha. Kasiani akauliza kama kuuliza hivyo si kumkumbusha mtu. Akajibiwa kwamba aliye nalo hakulisahau, na asiye nalo hatalipata kwa kuulizwa.

Chupa ya kwanza ya vidonge niliinywa maharage yakichipua. Ulimi ulikuwa mzito, mdomo mkavu hata nikaomba maji katikati ya rozari. Mikono ilitetemeka, nikawa nakunywa chai kwa kikombe nusu. Nililala kwa Kasiani mpaka jua linaingia, kwenye kitanda cha mtoto wake, miguu ikining'inia. Uso ukanivimba. Watu walisema nimenenepa, mapenzi ya mama hayo, na mimi nikawaacha. Kasiani, ambaye hajui kuongea, alikuwa ananiletea redio yake na kuiweka karibu na kitanda. Swali hakuweza kuliuliza. Alisimama mlangoni akisema, "Eeh... upo?" Nikasema nipo. Mama ndiye aliyeliuliza kila asubuhi, huku akipepeta mchele. Na jioni mke wangu alianza kupiga simu kutoka Mbaha. Mama alikuwa amemwambia. Hakunipa pole. Aliuliza kama nataka kufa leo, nikajibu, akakata. Siku zingine nilijibu ndiyo, na hizo hakukata, alikaa tu kwenye simu mpaka salio likaisha, nami nasikia kuku wa baba yake.

Kuna aibu nyingine lazima niitaje, maana nawe utashawishika. Kahawa ilipoiva nikajiona mzima, nikaacha vidonge. Nilitaka mikono yangu itulie ili nichume. Haikupita muda nikamfokea Mama kwa sababu ya chumvi kwenye mboga, na kijiko kilikuwa kimeshanyanyuka. Mama hakukwepa. Alisema tu, "Umeacha dawa." Nikarudi kwenye lile benchi nikitegemea kugombezwa. Dada wa Tanga akasema wengi huacha mara ya kwanza, akanipa nyingine, akaniuliza swali lake.

Kahawa ilipokwisha kukauka, Kasiani akanisindikiza Mbaha. Huko chini kuna joto, na nilifika nimelowa shati, uso umevimba kwa dawa, nimebeba maharage ya Mama kama zawadi. Baba mkwe alinipokea kwa heshima iliyoniumiza kuliko matusi. Anitha alisimama nyuma ya bibi yake. Alikuwa amerefuka. Kovu lilikuwa dogo kuliko nilivyoliona usiku na mchana kichwani mwangu, lakini lilikuwepo. Mama mkwe akaandaa ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lao, tukaanza kula, na mara mfuniko wa sufuria ukaanguka jikoni. Wote wakatazama mikono yangu. Hata Kasiani. Nikaiacha juu ya magoti, mahali ambapo wote wangeiona, mpaka wakaendelea kula.

Mke wangu aliniita pembeni, chini kwenye mchanga walikoanika dagaa.

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Na hasira?"

Nilitaka kusema imekwisha. Nililizoea neno hilo. "Ipo," nikasema. "Ikija natoka nje. Mara moja haikungoja nitoke, ilikuwa kwa Mama, na chumvi."

Aliinama akageuza dagaa waliokuwa wamekauka upande mmoja. Kisha akasema ningemwambia imekwisha, angenirudisha garini jioni ileile. Hakusema atarudi. Alinipa usipa wa kumpelekea Mama, na nikapanda gari.

Alirudi msimu wa ngolo ulipofika tena, peke yake, kutazama. Alimwacha Anitha kwao mpaka likizo ya Pasaka. Nilimpeleka shambani. Sehemu aliyonimalizia Mama kuchimba mwaka uliopita, mahindi tuliyopanda baada ya kuvuna maharage yalikuwa yamenipita kichwa. Sehemu yangu yalikuwa mafupi, ya njano, yameinamia bondeni. Nilikuwa nimechimba mashimo kina kirefu na matuta membamba, mvua ikabomoa yote na kuondoka na udongo. Mke wangu alizunguka pale mikono kiunoni.

"Ndiyo uliyokuwa unaniachia haya?"

"Ndiyo."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi, na kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Mimi nilisimama nikiwa na aibu ya mambo mawili, ya kutaka kufa na ya kutojua kuchimba ngolo, na ajabu ni kwamba ya pili ndiyo iliyonifanya nicheke naye. Siku iliyofuata nilifyeka nyasi na kuzipanga kwenye kipande kipya. Alichimba yeye.

Jumapili ya Pasaka tukaenda sengu. Anitha alikuwa amefika Alhamisi Kuu, na kwa siku zote hizo alinisalimia vizuri na kuketi mbali. Kasiani akasimama kumshukuru Mungu kwamba mdogo wake amepona. Nilinyanyua mkono. Nikasema sijapona, naendelea na vidonge, na mwaka juzi mliponiona kimya mkashukuru, ndipo nilipokuwa nataka kujiua. Nikasema mkiniona mkimya niulizeni. Wazee walitazama chini. Mjomba mmoja akakohoa. Nilikuwa nimelitaja neno lile mbele ya chakula, mbele ya watoto, na masikio yalikuwa yananiwaka.

Tukaanza kula hivyohivyo. Ndipo Anitha, kutoka upande wa mama yake, na tonge mkononi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Kumbe zile jioni zote kwenye simu alikuwa karibu.

"Baba, leo unataka kufa?"

Watu wote waliacha kutafuna. Mama yake akamshika bega akamwambia taratibu kwamba hilo ni la wakubwa kuuliza, si lake. Anitha hakuniondolea macho. Safari hii hakumtazama mtu mwingine ajue aseme nini.

"Leo hapana, mwanangu," nikasema.

Akafikiri kidogo. Kisha akainuka, akachukua bakuli la maharage la upande wao, akazunguka chombo chote na kuja kuliweka mbele yangu, karibu na mikono yangu, akaketi hapo.